Jina la Kupelekwa Kairo

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
3 Novemba 1974

Kaka yangu Bakili,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, maana ya kwanza ni yangu na hii ya pili ni ya mpwa wako Mfaume, ambaye muda huu amelala hapa miguu juu ya mto kama sultani. Sisi wazima. Malaria ilinipitia mwezi wa tisa, ikaona sina nafasi nayo ikaondoka. Wifi yangu Sitara hajambo? Mikorosho imebeba? Na huyo kitinda mimba wenu, Sijaona wangu, bado anamkimbia jogoo?

Uangalie mwandiko huu, kaka. Ni mkono wangu. Siandikiwi tena na mtoto wa jirani. Kisomo cha watu wazima nimekimaliza nikiwa wa pili darasa zima, na huyo wa kwanza alikuwa mlinzi wa shule aliyekuwa anachungulia ubao kila siku, kwa hiyo wa kwanza ni mimi.

Sasa kaa kitako. Timu ya Mfaume, Ushindi, ni mabingwa wa taifa! Na bao la nani? La mtoto wangu. Dakika ya themanini na mbili, Uwanja wa Taifa umejaa mpaka juu ya miti. Mimi sikwenda, moyo wangu haubebi mambo hayo. Nilisikiliza redio ya duka la Mpemba hapo kona, na kila mtangazaji akisema "Mfaume Dadi, winga wa kulia", nahamisha kitumbua kimoja kutoka sinia hili kwenda lile nipate hesabu. Vilihama kumi na vinne. Cha mwisho nilikila mwenyewe.

Lakini ubingwa si mwisho wa safari, ni mlango. Filbert, katibu wa timu, amenieleza, nikamwambia arudie mara tatu ili nami nikueleze bila kukosea. Kuna Kombe la Klabu Bingwa la Afrika nzima. Huliombi, hulinunui. Kila nchi inatoa timu moja, ile iliyochukua ubingwa wa nchi yake. Wa pili, hata akiachwa kwa pointi moja, anabaki nyumbani anafua jezi. Na ubingwa wa mwaka huu unachezewa mwaka ujao, kwa hiyo Mfaume amelima sasa, atavuna sabini na tano. Kura zinapigwa Kairo, huko Misri. Ukishapangwa na mtu mnacheza mara mbili, kwako na kwake. Mkitoka sare zote, wanaangalia nani alifunga bao kwa mwenzake, maana bao la ugenini ni zito. Haki kabisa. Hata mimi ukinikuta kwangu nina nguvu kuliko nikiwa kwako.

Nimempa nesi Agnesi, anayerudi huko kwenu, kifurushi. Ndani kuna gauni la Sijaona, la buluu na nyeupe, rangi za Ushindi. Nimelishona mwenyewe na kuacha upindo mpana, lishushwe kila akirefuka. Mwambie kaka yake anasema yeye ni mchezaji wa akiba, kwa kuwa ndiye mwenye jina lake. Unakumbuka siku ile Mfaume anatoka jandoni, ameliacha jina la utoto kama mlivyoliacha nyote wanaume wa kwetu, na usiku wake Sitara akajifungua binti? Akasema, "Mjomba, mpeni mtoto lile langu la zamani. Bado ni zima." Nilicheka mpaka nikalia.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Zamzam, mama wa winga wa kulia.


Kijiji cha Ujamaa Umoja,
Masasi.
9 Desemba 1974

Mdogo wangu Zamzam,

Marahaba zote mbili. Barua yako ilifika pamoja na kifurushi tarehe 25 ya mwezi uliopita. Agnesi alihangaika kutwa nzima akiuliza nyumba yangu, maana kule hatupo tena. Tulihamia kijiji kipya tangu mwezi wa tisa. Utumie anwani hiyo ya juu. Nyumba nimeezeka upande mmoja, mwingine bado nasubiri nyasi. Mikorosho ilibaki kule kule, naifuata kwa miguu, mwendo wa saa mbili kwenda na wa saa mbili kurudi. Zahanati tutapata, msingi umekwisha kuchimbwa.

Nimefurahi kwa habari ya Mfaume. Mwenyekiti wetu alikuwa na gazeti, akanionyesha jina lake. Mwambie mjomba wake anasema mwanamume halali mchana miguu juu ya mto.

Gauni limefika. Mshono wake mzuri, na upindo nimeuona. Sitara anakushukuru. Siku hizi hasemi sana, hali yake haijatulia, lakini anakula.

Redio yetu haina betri.

Kaka yako,
Bakili.


Mtaa wa Sikukuu,
Dar es Salaam.
12 Januari 1975

Kaka Bakili, shikamoo,

Barua yako fupi kama mkia wa mbuzi. Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna nyingine. Sitara ana nini hasa, homa au mimba? Nambie. Na hujanijibu, gauni lilimkaa Sijaona au lilimbana kwapani? Sisi huku wazima. Soko jipya linapanda kila siku, zege limetengenezwa kama miavuli mikubwa, na sisi wauza vitumbua tumesogezwa kandokando. Lakini wateja wananifuata. Siku hizi nimepewa jina. Wananiita Mama Afrika. Mwanamkuu, yule muuza nazi mwenye mdomo, alianza kwa kunidhihaki, mimi nikalipokea nikalivaa. Sasa anajuta.

Kura zimepigwa, kaka. Tumepangwa na mabingwa wa Madagaska! Kwanza hapa mwezi wa nne, kisha kwao mwezi wa tano. Mtoto niliyemzaa mimi atapita juu ya bahari.

Ila kuna jambo, na dawa yake ni wewe peke yako. Majina ya wachezaji lazima yatumwe Kairo kabla, na jina la kule liwe sawasawa na la kwenye paspoti. Jina lisilokuwemo halichezi, hata kama mwenyewe ndiye aliyeleta ubingwa. Basi nikaenda na Mfaume ofisi ya paspoti, nimevaa kitenge changu cha sikukuu. Kijana wa mezani akachukua cheti cha hospitali ya misheni, akasoma, akanitazama.

"Mama, huyu Sijaona Dadi ni nani?"

"Ni Mfaume."

"Na Mfaume ni nani?"

"Ni Sijaona, kabla ya jando."

"Nani shahidi?"

"Shahidi gani tena? Mimi nimemzaa!"

"Kuzaa umemzaa. Jina lilipobadilishwa, jandoni, ulikuwepo?"

Nikashika kiuno. "Mwanangu, wapi umeona mwanamke anaingia jandoni?"

Akacheka, kumbe naye mtu wa Newala, anajua. Akasema, "Ndiyo maana nakuuliza. Baba yake amekufa. Nani alimpeleka?" Nikasema mjomba wake. "Basi mjomba aende kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, aape, alete karatasi yenye muhuri."

Filbert ameniandikia maneno, nayanakili hapa, usipunguze hata moja: "Mimi Bakili naapa kwamba Sijaona Dadi, aliyezaliwa mwaka 1955, ndiye Mfaume Dadi, na mimi ndiye niliyempeleka jandoni na kumpa jina hilo. Sijaona yu hai, na majina haya mawili ni ya mtu mmoja."

Najua jina la utotoni halitajwi mbele ya mwenyewe. Lakini hakimu siye mwenyewe, na Kairo hawajui jando letu. Orodha inaondoka tarehe 15 Machi. Njia ya Rufiji mvua zikianza unaijua, kwa hiyo usikae na barua hii hata siku mbili.

Mbusu Sijaona. Mwambie jina lake linakwenda Misri.

Zamzam.


Kijiji cha Umoja,
Masasi.
20 Februari 1975

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Mvua ni nyingi. Barua yako nilikaa nayo zaidi ya siku mbili, unisamehe. Nilikwenda kwa hakimu mara ya kwanza nikarudi. Mara ya pili Sitara alisema tufuatane.

Karatasi yenye muhuri ni hii. Nimeapa nilichoweza kuapa.

Msalimu Mfaume sana.

Bakili.


Mtaa wa Sikukuu,
Dar es Salaam.
16 Machi 1975

Kaka,

Shikamoo nakupa kwa sababu nimelelewa. Habari za hapa mbaya.

Karatasi yako ilifika tarehe 13, njia imekatika Rufiji, gari limelala huko siku nyingi. Hilo sikulaumu, mvua si yako. Nilikimbia nayo mpaka ofisi ya paspoti viatu mkononi. Yule kijana wa Newala akaifungua, akaisoma kwa sauti: "Naapa kwamba Mfaume Dadi ni mpwa wangu, nilimpeleka jandoni mimi mwenyewe, na ni mtu wa tabia njema." Akaigeuza nyuma kama nilivyogeuza barua yako. "Mama, mbona Sijaona hayumo?"

Nikamwambia yumo, soma vizuri. Akasoma tena. Hayumo. Tabia njema, kaka! Nani alikuomba tabia njema? Nilikuandikia maneno nikakwambia usipunguze hata moja, ukapunguza lile lile. Wino uliisha? Au hakimu alikuuzia kila jina kwa bei yake?

Jana orodha imeondoka. Filbert alikaa na kalamu mpaka saa kumi jioni, kisha akaandika jina la kijana mwingine. Alinijia nyumbani kuniambia, akakataa chai. Mfaume alikwenda uani akazisugua njumu zake, akazianika, zilipokauka akazitundika msumarini. Tangu jana nimeliona jambo moja tu, kwamba mwanangu ana mabega ya baba yake anapokaa kimya.

Na leo sokoni Mwanamkuu, mbele za watu: "Mama Afrika, vipi, ndege imekosa petroli?" Mimi, Zamzam, nikauza vitumbua vyote nikiwa nimeinama.

Ubingwa huja mara moja. Mwakani nani anajua? Goti la mtu ni kitu gani? Hiyo nafasi hakuipewa, aliifunga kwa mguu wake mwenyewe, na wewe uliyempa jina ndiye uliyemnyima.

Nitasema, hata kama ni dhambi. Labda ni wivu. Labda unaona wa kwangu anatajwa redioni na wa kwako hakuna anayemtaja.

Sina salamu za kuongeza.

Zamzam.


Kijiji cha Umoja,
Masasi.
14 Aprili 1975

Mdogo wangu Zamzam,

Nimepokea barua yako. Usijute ulichoandika, mpaka umalize kusoma ndipo ujute ukitaka.

Sijaona hayupo. Alifariki Jumatano tarehe 16 Oktoba. Ilikuwa surua. Tulikuwa bado kwenye kibanda cha majani, nyumba haijasimama. Sitara alimbeba mgongoni kwenda misheni, mimi nyuma na maji. Alizungumza njiani, aliuliza kama jogoo tumemwacha kule au tumekuja naye. Tulipofika, nesi wa pale alimwambia Sitara amshushe polepole. Sitara alikuwa hajajua.

Gauni lako lilifika siku ya arobaini, watu wamekaa uani wanakula. Agnesi hakuwa na habari. Alikitoa kifurushi mbele ya wote akasema, "Yuko wapi mwenye gauni?" Nilimwomba asikuandikie, nikasema nitakuandikia mwenyewe. Kisha nikasoma barua yako, mabingwa, redio, vitumbua vinahama. Barua ilikuwa imejaa furaha, sikuona pa kuiweka habari hii. Nikasema nitakwambia barua ijayo. Barua iliyofuata ukaja na kiapo.

Mara ya kwanza sikuingia kwa hakimu, nilifika mlangoni. Mara ya pili Sitara alikaa kizingitini. Hakimu akanishikisha kitabu, akasema, "Rudia nyuma yangu: Sijaona yu hai." Maneno ya mwanzo nilikuwa nimeyarudia. Nilipofika hapo ulimi ulikataa. Akadhani sikusikia, akarudia kwa sauti. Sitara akanyanyuka akatoka nje kwenye mvua. Hakimu akaniuliza, "Mzee, huyu Sijaona yupo au hayupo?" Nikamwambia hayupo. Akasema, "Basi tumwandike aliyepo." Ndivyo ilivyokuwa.

Nilijua karatasi ile haitamfikisha Mfaume popote. Nilijua, nikaituma. Nilikuwa na njia ya kumweleza hakimu, watoto ni wawili na jina ni moja, mmoja yupo Dar es Salaam. Angenielewa. Lakini ningelieleza hilo mama yake akiwa kwenye mvua, nimeshika kitabu cha Mungu, nasema Sijaona yu hai, yu hai, yu hai. Sikuweza, mdogo wangu.

Nimemkosesha mtoto Afrika yake. Mwambie ni mimi.

Sitara sasa analalamika jambo moja tu. Anasema hapa kijijini wote wanalikwepa lile jina kama dimbwi. Wakifika karibu nalo wanainua mguu.

Bakili.


Mtaa wa Sikukuu,
Dar es Salaam.
18 Mei 1975

Kaka yangu, shikamoo,

Shikamoo ya magoti chini. Barua yako ilichukua wiki tatu. Nilianza kuisoma nimesimama, nimefunga mkaja kama mtu anayekwenda kugombana. Nililala sakafuni kutwa, majirani walidhani Mfaume amepata ajali.

Lile neno la wivu naomba nilile. Na yale mengine pia: mbusu Sijaona, gauni limemkaa, jina lake linakwenda Misri. Miezi yote hii namtumia salamu mtoto aliyelala ardhini, na wewe unazipokea moja moja huniambii. Nilikuwa najisifu kwamba naijua Afrika, nani anapita na nani anabaki, na nyumba ya kaka yangu imeanguka sijui.

Nilimpa Mfaume asome mwenyewe, sikuweza kumweleza. Alisoma akaikunja akaiweka mfukoni mwa shati, hakunirudishia. Kesho yake alikwenda kwa Filbert na kumwambia asimlaumu mtu yeyote. Jioni alitaka nimsimulie habari za Sijaona. Nikamsimulia yale machache niliyonayo, jogoo, na ile siku aliyokula udongo tulipokuja mwaka sabini na mbili. Mengine mnayo nyinyi.

Ushindi wamekwisha kutolewa, labda redio ya mwenyekiti iliwaambia. Hapa bao moja kwa moja, kule hakuna aliyefunga. Lile bao lao moja walilotufungia nyumbani kwetu ndilo liliwapitisha. Winga aliyecheza nafasi ya Mfaume alikosa mara mbili. Watu walitoka uwanjani wakimtaja mwanangu, wakipita Mnazi Mmoja bado wanamtaja. Zamani ningehamisha vitumbua. Safari hii nilizima redio ya watu, mwenye duka akanitazama tu.

Sokoni Mwanamkuu alianza tena, "Mama Afrika, kulikoni?" Nikamwambia, "Mwanangu hakwenda kwa sababu jina lake lilikuwa msibani." Nikamsimulia yote, kutoka kibanda cha majani. Kaka, mwanamke yule alifunga nazi zake, akaja kukaa na mimi mkekani mpaka adhuhuri. Alinipa sukari nikuletee, ipo kwenye mzigo.

Mzigo anakuja nao Mfaume. Timu imepumzika, ameomba ruhusa. Barabara bado mbaya, kwa hiyo anapanda meli ya Jumatano tarehe 18 Juni mpaka Mtwara, kisha basi, ili barua hii imtangulie. Kufika Masasi ni Ijumaa au Jumamosi. Gauni msimpe mtoto mwingine, wala msilifiche. Liwe la Sitara, afanye atakavyo.

Sasa sikiliza jambo la mwisho, aliloniagiza mwenyewe. Alisema, "Mama, mwandikie mjomba, nikishuka asiniite Mfaume." Nikamshangaa. Nikamwambia mwanangu, wewe mwanamume uliyetoka jandoni, hilo jina ukiitwa ni tusi, wenzio watakucheka. Akasema, "Nilimwazima tu mdogo wangu. Hawezi kubaki nalo huko peke yake. Nakwenda kulichukua."

Mimi sikuwepo jandoni, kaka, sijui kama desturi inaruhusu. Wewe ndiye unayejua. Lakini akishuka kwenye basi, mwite. Usimwite kwa kunong'ona. Mwite kwa sauti, wakiwa wote wanasikia, na Sitara asikie.

Mdogo wako,
Zamzam.